Kinanda Kisichokumbuka

Kwenye jalada la A Night at the Opera, albamu ya Queen ya mwaka 1975, kuna tangazo fupi la majigambo: humu ndani hakuna sinthesaiza. Haikuwa mara ya kwanza. Bendi hiyo iliandika maneno ya namna hiyo kwenye albamu zake kadhaa za miaka ya sabini. Freddie Mercury, ambaye sisi wa huku hatuchoki kukumbushana kwamba alizaliwa Unguja mwaka 1946, na wenzake walikuwa na sababu yao. Brian May alikuwa akirundika sauti za gitaa lake tabaka juu ya tabaka, na gitaa lenyewe alilitengeneza kwa mikono akisaidiana na baba yake, mpaka wasikilizaji wakadhani wanasikia mashine. Bendi ikaona inadhulumiwa. Mtu amekesha studio anahangaika na nyuzi, halafu unamwambia eti kabonyeza kitufe tu!

Malalamiko yao nayaelewa. Lakini ndani ya majigambo yale kuna tusi kwa watu wengine: kwamba mwenye sinthesaiza hakukesha, hakuhangaika, mashine ilimfanyia kazi. Mimi ni shabiki wa vinanda hivyo vya mwanzo, na kadiri ninavyosoma historia yake ndivyo ninavyoona tusi lile lilivyokosea mlango. Sinthesaiza za miaka ya sabini zilikuwa vyombo vya taabu. Zilipoteza tuni. Nyingi zilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Na nyingi hazikuwa na kumbukumbu: ukishazungusha vitufe vyake, sauti uliyoihangaikia tangu asubuhi imekwenda na maji. Naamini taabu hizo ndizo zilizozaa mapenzi tuliyonayo leo. Naamini pia kwamba mapenzi hayo, matamu kama yalivyo, yana tabia mbaya: yanakumbuka jina la mashine na kusahau jina la mtu.

Umeme unaopigwa

Kiswahili kinatupa neno zuri la kuanzia. Kinanda, katika maandishi ya zamani ya pwani, ni chombo cha nyuzi. Baadaye neno likahamia kwenye ala ya kanisani yenye vibonye, na leo ukisema kinanda watu wanaona Yamaha au Casio iliyosimamishwa mbele ya kwaya au kwenye jukwaa la taarabu. Neno limehama ala, lakini kitenzi chake hakijahama: kinanda kinapigwa. Sinthesaiza nayo ni kinanda, ila kinachopigwa ndani yake ni umeme.

Namna inavyofanya kazi haitishi. Kuna osileta, yaani saketi inayofanya umeme utetemeke mara nyingi kwa sekunde. Peleka mtetemo huo kwenye spika, utasikia noti. Ukitetema mara 440 kwa sekunde, unapata ile A ambayo okestra nyingi hutumia kutuni. Sauti ghafi ya osileta ni kali, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Kwa hiyo inapitishwa kwenye kichujio, kinachokata ule ukali wa juu kadiri mpigaji anavyotaka, kisha kwenye saketi nyingine inayoamua noti izaliwe vipi na ife vipi: ghafla kama ngoma, au taratibu kama filimbi. Kila hatua inaongozwa na volti. Volti ikipanda, noti inapanda. Volti ikifungua kichujio, sauti inang'aa.

Wazo hilo la kuongoza kila kitu kwa volti ndilo lililompa umaarufu Robert Moog. Moog alikuwa mhandisi wa jimbo la New York, akijipatia riziki kwa kuuza theremini, kile chombo cha umeme kinachopigwa bila kuguswa. Mwishoni mwa 1963 alikutana na mtunzi aitwaye Herbert Deutsch, na kiangazi cha 1964 wakafanya kazi pamoja Trumansburg, mji mdogo ambako Moog alikuwa na karakana. Mmoja alijua saketi, mwingine alijua anachotaka kusikia. Deutsch alishauri chombo kiwe na vibonye kama vya piano. Wakati huohuo, upande wa pili wa Marekani, California, Don Buchla alikuwa akiunda chombo chake na hakutaka kabisa vibonye vya kawaida, kwa kuwa aliona vitawarudisha watu kwenye muziki uleule wa zamani. Kwa upande wa sanaa pengine Buchla alikuwa na hoja. Kwa upande wa pop, vibonye vilishinda: mwanamuziki yeyote aliyejua piano aliweza kumkaribia Moog bila kuogopa.

Nasema kumkaribia, si kumwelewa. Moog ya kwanza ilikuwa makabati yaliyojaa vipande vipande, na vipande hivyo havikuunganishwa mpaka mtu achomeke nyaya mwenyewe. Bila nyaya, kimya. Kila sauti ilikuwa msitu wa nyaya, na ukizichomoa, sauti ile haipo tena duniani.

Noti moja kwa wakati

Aliyewaonyesha watu wengi kwamba kabati lile linaweza kutoa muziki ni Wendy Carlos. Mwaka 1968, yeye na mtayarishaji Rachel Elkind walitoa Switched-On Bach, nyimbo za Johann Sebastian Bach zilizopigwa kwa Moog. Albamu iliuzwa sana kupita matarajio ya yeyote, na mwaka 1970 ikazoa tuzo tatu za Grammy.

Hebu tutazame kazi yenyewe. Bach anataka sauti tatu nne zinazokimbizana. Moog inatoa moja. Carlos alirekodi kila sauti peke yake kwenye tepu ya mikondo minane, tepu ambayo mashine yake aliijenga mwenyewe, kisha akarudi mwanzo kurekodi sauti ya pili juu ya ile ya kwanza. Katikati, osileta zinahama. Transista za wakati ule ziliathirika kwa joto: chumba kikipata joto, noti inapanda au inashuka kidogo, na sikio linashtuka. Basi unasimama, unatuni upya, unapiga vipimo vichache, unasimama tena. Albamu ambayo wapinzani waliiona kama mashine imemla Bach ilijengwa noti kwa noti, kama mtu anayesuka mkeka.

Baada ya hapo kila kampuni ya santuri ilitaka Moog yake, na nyingi za albamu hizo zilikuwa vichekesho tu. Lakini wapo waliosikiliza vizuri. Mwaka 1969 Beatles waliingiza Moog ya George Harrison kwenye Abbey Road, na waliiweka kwa kiasi, kama chumvi. Mwaka 1970 ikaja Minimoog. Hii ilikuwa habari nyingine: osileta tatu, vibonye 44, na nyaya zote zimefichwa ndani ya boksi unaloweza kulibeba kwenda nalo jukwaani. Iliundwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya themanini, zaidi ya 12,000 kwa jumla, na kwa mashabiki wengi neno sinthesaiza maana yake ni hiyo.

Bado ilitoa noti moja. Bado ilihama tuni jukwaa likipata joto la taa. Na bado ilikuwa haikumbuki kitu. Watumiaji walikuwa na karatasi zilizochapwa picha ya uso wa kinanda, na wao walichora juu yake kila kitufe kimeelekea wapi, ili kesho yake wajaribu kuirudisha sauti ya jana. Wajaribu, nasema, kwa sababu haikuwa inarudi sawasawa. Kitufe kikikosea upana wa unywele, sauti imekuwa binamu yake.

Hapo ndipo ninapoanza kuelewa mapenzi yetu. Ile sauti ya Moog inayopaa mwishoni mwa Lucky Man ya Emerson, Lake & Palmer, ya mwaka 1970, Keith Emerson alisimulia kwamba aliipiga mara moja tu, akidhani anajaribu. Wenzake wakasema imetosha. Tunachosikia ni mtu anayetafuta njia ndani ya sauti mpya, na utafutaji huo umebaki kwenye tepu. Wasikilizaji wengi hawajui lolote kuhusu osileta, lakini masikio yao yanajua tofauti kati ya mtu anayetafuta na mtu anayerudia.

Watu wawili nyuma ya Stevie

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko New York, mwaka 1971. Malcolm Cecil alikuwa mpiga besi wa jazi kutoka Uingereza aliyegeuka fundi mitambo wa zamu ya usiku katika studio ya Mediasound. Robert Margouleff alikuwa na Moog kubwa ya makabati. Wakaanza kuiunganisha na vyombo vingine, vya ARP na vya makampuni mengine ambavyo havikuundwa ili kuelewana, mpaka wakapata jitu moja waliloliita TONTO. Kusudi lao kubwa lilikuwa kulifanya litoe sauti nyingi kwa pamoja badala ya moja. Mwaka huohuo wakatoa albamu, Zero Time. Haikuuza sana, lakini nakala moja ilimfikia Stevie Wonder.

Wonder alikuwa ametimiza miaka 21 mwezi Mei, na mkataba wake wa utotoni na Motown ulikuwa umekwisha. Cecil alipenda kusimulia jinsi kijana huyo alivyotokea studio mwishoni mwa mwezi huo, santuri ya Zero Time ikiwa kwapani, akitaka kukijua chombo hicho. Kilichofuata ni moja ya miaka minne yenye neema kubwa katika muziki wa karne ile: Music of My Mind na Talking Book mwaka 1972, Innervisions mwaka 1973, na Fulfillingness' First Finale mwaka 1974. Kwenye albamu hizo zote, Cecil na Margouleff ndio walioziandaa sauti za TONTO.

Fikiria mpango wenyewe. Wonder haoni, na mbele yake kuna ukuta wa vitufe na nyaya usio na maandishi ya kupapasa. Yeye anakaa kwenye vibonye. Wawili wale wanasimama kwenye makabati, wanachomeka, wanachomoa, wanazungusha kichujio wakati yeye anapiga. Anaeleza anachotaka, wao wanakitafuta, yeye anasikia, anakataa, wanatafuta tena. Sikiliza besi ya Superstition, au ile ya Boogie On Reggae Woman: noti nene, zinazoteleza kama mtu anayecheza na viatu vya soli laini. Hilo si gitaa la besi. Ni Wonder anayepiga umeme, na umeme wenyewe umeandaliwa na mpiga besi wa zamani aliyejua besi inapaswa kupumua vipi.

Wawili hao walipata tuzo ya Grammy ya uhandisi wa sauti kwa Innervisions. Baadaye, katikati ya miaka ya sabini, ushirikiano ukavunjika. Wonder akaendelea na makubwa, na alistahili. Lakini muulize shabiki wa kawaida wa Superstition, Cecil ni nani? TONTO yenyewe watu wanaikumbuka zaidi. Ilikarabatiwa na sasa iko makumbusho Calgary, Kanada, watu wanapiga nayo picha.

Si Wonder peke yake. Herbie Hancock, kabla hajaipiga mwenyewe ile besi ya ARP Odyssey inayoanzisha Chameleon mwaka 1973, alikuwa amefanya kazi na Patrick Gleeson aliyemfungulia mlango wa sinthesaiza. Bernie Worrell wa Parliament, aliyesomea piano tangu utotoni, aliifanya Minimoog ipige besi ya Flash Light kwa namna ambayo wapiga besi wenye nyuzi nne waliishia kuiga mashine. Na hadithi ya Gary Numan inanichekesha kila nikiikumbuka. Mwaka 1978 alikwenda studio kurekodi nyimbo za panki, akakuta Minimoog imeachwa pale. Akabonyeza kibonye kimoja. Ikatoka sauti iliyotikisa chumba, na mwaka uliofuata Are 'Friends' Electric? ikawa namba moja Uingereza. Numan mwenyewe amesema kwamba kama vitufe vingekuwa vimewekwa vingine, pengine angeiacha na kwenda zake. Maana yake ni hii: sauti iliyobadilisha maisha yake iliachwa pale na mkono wa mtu mwingine. Mtu huyo ni nani, historia haina habari naye.

Munich, mguu wa mtu

Mashabiki wakibishana ni lini mustakabali ulianza, wengi hutaja I Feel Love ya Donna Summer, mwaka 1977. Ilitengenezwa Munich na Giorgio Moroder na Pete Bellotte, na karibu kila unachokisikia zaidi ya sauti ya Summer kinatoka kwenye Moog ya makabati, ambayo mmiliki wake alikuwa mtunzi Eberhard Schoener. Kibao hiki kikitajwa, utasikia neno roboti, utasikia neno mashine.

Lakini Moroder hakuijua mashine ile vya kutosha kuifanya icheze. Aliyeijua ni msaidizi wa Schoener, Robby Wedel. Yeye ndiye aliyewaonyesha jinsi ya kurekodi mapigo ya alama kwenye tepu ili Moog iyafuate, na kila safu mpya ikae sawasawa na iliyotangulia. Bila ufundi huo, safu zile zingepishana na wimbo ungeporomoka. Halafu tuni ikahama, kama kawaida yake, ikabidi warekodi vipande vifupi vifupi, wasimame, watuni, waendelee. Na ule mdundo mzito wa chini unaowafanya watu wasimame kwenye viti? Moog haikuweza kuutoa vizuri. Keith Forsey, mpiga dramu, aliupiga kwa mguu wake, dakika baada ya dakika, akijitahidi asitikisike. Wimbo unaosifiwa kwa kumwondoa mtu umesimama juu ya mguu wa mtu.

Waliopoteza kazi

Sitaki niwe wakili wa mashine peke yake. Hofu ya wanamuziki wa wakati ule haikuwa ya kijinga. Kulikuwa na watu wanaolisha familia kwa kupiga fidla kwenye matangazo ya biashara, kwenye filamu, nyuma ya waimbaji wa pop. Vinanda vilivyoiga fidla vilipoenea katikati ya miaka ya sabini, mtayarishaji mwenye bajeti ndogo hakuhitaji tena kuita watu kumi na wawili. Mwaka 1982 tawi la London ya Kati la chama cha wanamuziki Uingereza lilipitisha hoja ya kutaka sinthesaiza na mashine za ngoma zizuiwe. Chama chenyewe hakikuikubali, na vijana waliicheka. Mimi siicheki. Mtu anayeona riziki yake inaondoka ana haki ya kupiga kelele, hata kama kelele zake zimeelekezwa kwenye kitu badala ya kwa mwenye kukinunua.

Ninachosema ni kwamba mgawanyo uliowekwa, wanamuziki upande huu na mashine upande ule, uliwasahau waliokuwa katikati. Wedel alikuwa nani, mwanamuziki au fundi? Cecil je? Kwa kuwa hakukuwa na jina la kazi yao, ikawa rahisi kusema kazi hiyo haikuwepo. Majigambo ya Queen yaliwezekana kwa sababu hiyo. Na mwaka 1980, kwenye The Game, Queen wenyewe walitumia Oberheim, sinthesaiza, na dunia haikuanguka.

Kinanda kinapoanza kukumbuka

Kwangu, mwisho wa zama una tarehe: 1978, ilipotolewa Prophet-5 ya Dave Smith. Ilitoa sauti tano kwa pamoja, na ndani yake kulikuwa na kompyuta ndogo inayohifadhi mipangilio ya sauti. Bonyeza namba, sauti ya jana imerudi. Wanamuziki waliokuwa wakichora karatasi usiku walishangilia, na nani angewalaumu? Kwa mtu anayepiga jukwaani nyimbo kumi na tano kwa usiku mmoja, kumbukumbu ni neema.

Kisha 1983 ikaja Yamaha DX7, ya kidijitali, isiyohama tuni, yenye sauti safi zilizotayarishwa kiwandani. Kuitengenezea sauti yako mwenyewe kulikuwa kugumu kiasi kwamba wengi hawakujaribu. Ndiyo maana nyimbo nyingi za mapenzi za miaka ile zina piano moja, ya umeme, ileile, kutoka Los Angeles mpaka Tokyo. Vinanda vya zamani vikashuka bei, vikaachwa stoo na maduka ya mitumba, na vijana wasio na hela wakavinunua. Mapenzi mengi ya leo yalizaliwa hapo, kwenye bei ya kutupa.

Sasa hesabu imegeuka. Minimoog halisi ya miaka ile ni mali ya watu wenye fedha. Makampuni yanaunda upya vyombo vilevile, na programu za kompyuta zinaiga kila kitufe. Lakini jambo linalonivutia zaidi ni dogo. Mwaka 2020 Prophet-5 ilipotolewa upya, iliwekewa kitufe cha kuzungusha chenye jina la uzee. Ukikigeuza upande mmoja, chombo kinatulia, tuni imenyooka. Ukikigeuza upande mwingine, kinaanza kuyumba kama babu yake. Wahandisi walitumia miaka mingi kuiondoa kasoro, kisha wakatumia utaalamu wao kuirudisha, na wateja wakashukuru.

Ukiona watu wanalipa ili wapate kasoro, jua kasoro hiyo ilikuwa inabeba kitu. Naamini ilikuwa inabeba mtu. Kuyumba kwa tuni kulimlazimisha mtu asikilize. Kukosa kumbukumbu kulimlazimisha aamue upya. Osileta mbili zisipokaa sawa kabisa, sauti inanenepa na kupumua, na sikio letu linaisoma pumzi hiyo kama uhai. Wasiwasi wangu ni kwamba kitufe kile kinaweza kurudisha kuyumba bila kumrudisha aliyekuwa anahangaika nako.

Mtu wa Enugu

Bara letu nalo limo kwenye habari hii. William Onyeabor, wa Enugu, Nigeria, alitoa albamu kadhaa kati ya 1977 na 1985, na kwenye majalada yake anaonekana katikati ya vinanda vya umeme, ametulia kama tajiri sebuleni kwake. Alimiliki studio na mitambo ya kuchapia santuri. Nyimbo zake ni ndefu, zinazunguka, zina ucheshi, na sinthesaiza ndani yake inapiga funk ya Kinaijeria bila kumwomba mtu ruhusa. Kisha akaokoka, akaacha muziki wa dunia, akakataa kuuzungumzia.

Mwaka 2013 kampuni ya Luaka Bop ya Marekani ilikusanya nyimbo zake kwenye albamu ambayo jina lake lenyewe ni swali: ni nani huyu? Mashabiki wa Ulaya na Marekani wakampenda kwa kishindo. Waimbaji wakubwa, David Byrne na Damon Albarn miongoni mwao, wakazipiga nyimbo zake jukwaani. Yeye alibaki Enugu, na alifariki Januari 2017. Nilifurahi kwamba muziki wake ulisikika akiwa hai. Lakini katika sifa zile mara nyingi niliona fumbo likipendwa kuliko mtu: vinanda vya ajabu mahali ambapo msifiaji hakutarajia kuvikuta, kana kwamba vilidondoka kutoka mawinguni. Havikudondoka. Alivitafuta, akavilipia, akakaa navyo mpaka vikamtii. Hailu Mergia wa Ethiopia, aliyerekodi mwaka 1985 albamu yake ya akodiani, Moog na vinanda vingine akiwa Washington, ameishi kuona santuri yake ikirudi sokoni na yeye mwenyewe akirudi jukwaani. Huyo angalau amepata kuulizwa maswali na kuyajibu mwenyewe.

Kabla hatujawanyooshea wengine kidole, tujitazame. Nyimbo za dansi tunazoziita zilipendwa zilirekodiwa kwa wingi na Radio Tanzania Dar es Salaam katika miaka hiyohiyo. Tunawajua waimbaji, tunawajua wapiga solo, tunabishana mpaka usiku kuhusu nani alipiga besi wapi. Aliyesogeza maikrofoni mpaka tarumbeta ikakaa pale ilipokaa, wangapi tunaweza kumtaja? Nasi pia tunapenda sauti na kumwacha mwenye mkono mlangoni.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa shabiki mwenzangu ni wa kawaida tu. Endelea kuipenda Minimoog. Ni chombo kizuri na hakuna haja ya kuona haya. Lakini ukiweka Innervisions, sikiliza Living for the City ukijua kwamba mmoja yuko kwenye vibonye na wawili wako kwenye nyaya. Ukiweka I Feel Love, msikilize Forsey, mguu wake usiochoka, kisha mkumbuke Wedel. Soma majina madogo nyuma ya jalada, yale yaliyoandikwa kwa herufi za kuumiza macho. Mashine zile hazikuwa na mahali pa kuweka kumbukumbu, kwa hiyo kazi ya kukumbuka ilibaki kwa wanadamu, nasi tuliosalia tukisikiliza tumo.